Lubumbashi hadi Kipushi kwa miguu: mwongozo kamili wa kutembea kilomita 30 kwa siku moja

Kila asubuhi, wewe bado umelala, wauza makala, yaani mkaa, wanaingia Lubumbashi wakisukuma baiskeli zilizobeba magunia marefu kuliko wao wenyewe. Wametoka porini usiku. Mama mwenye beseni la mboga kichwani naye ametoka shambani kwake kabla jogoo hajawika mara ya pili. Kwa watu hawa, kilomita 30 ni siku ya kazi kama siku nyingine. Karibu yote nitakayoandika hapa nimeyaona kwao kwanza, kisha nikayajaribu kwa miguu yangu.

Nimechagua njia ya Kipushi kwa sababu inamfaa mtu anayeanza. Mji huo uko takriban kilomita 30 kusini-magharibi mwa Lubumbashi, mpakani mwa Kongo na Zambia. Barabara ni ya lami, magari hayakosekani, kwa hiyo ukishindwa katikati una namna ya kurudi. Hakuna mlima. Unaanzia kati ya nyumba za watu, unafika kwenye mashamba na vichaka, unamalizia kwenye mji wa mgodi. Ukiiweza hii, utajua mwenyewe kama mwili wako unataka safari kubwa zaidi.

Chagua mwezi kwanza

Mvua yetu inaanza Novemba na kwenda hadi Machi au Aprili. Usitembee safari ndefu wakati huo. Matope yanachosha, mbu ni wengi, na radi za huku kwetu Katanga si za kuchezea. Oktoba nayo iache: ni mwezi wa joto kuliko yote, na kivuli kwenye njia hii ni kidogo, maana miti mingi iliyokuwa karibu na mji imekwisha kuwa makala.

Miezi mizuri ni Mei, Juni, Julai na nusu ya kwanza ya Agosti. Asubuhi ya Juni au Julai ni baridi kweli, hushuka chini ya nyuzi 10, na utaona watu wamejifunga vitenge hadi masikioni. Mchana jua linawaka lakini haliui. Kuanzia Agosti moto wa pori huwa mwingi: moshi, majivu, macho yanawasha. Mwenye pumu asingoje wakati huo, aende Mei, vumbi likiwa bado kidogo.

Kiangazi kina hasara moja kwa mpenda pori. Hutakuta bowa, yaani uyoga, wala matunda ya masuku yaliyoiva, kwa sababu hayo yanakuja na mvua. Ukiwa umelelewa na bibi aliyekupeleka kuokota bowa, utaikosa harufu ile. Utapata mbingu safi na njia kavu badala yake.

Wiki nane za kuandaa miguu

Watu wengi husema, "Mimi natembea kila siku kwenda sokoni, kilomita 30 nitaweza." Mapafu yataweza. Kinachokataa ni ngozi ya kisigino, kucha za miguu, nyonga na magoti. Viungo hivyo hujifunza polepole, na njia ya kuvifundisha ni kuvitembeza.

Tembea mara tatu kwa wiki, kilomita 4 au 5 kila mara, bila kukimbia. Halafu Jumamosi fanya mwendo mmoja mrefu: wiki ya kwanza km 8, ya pili km 10, ya tatu km 13. Wiki ya nne shuka hadi km 8 ili mwili upumue. Ya tano km 16, ya sita km 19, ya saba km 23. Wiki ya nane tembea kidogo tu, km 5 mara mbili, kisha lala vizuri. Jumamosi inayofuata ndiyo safari yenyewe. Huna haja ya kufika km 30 kabla ya siku hiyo. Aliyemaliza km 23 bila malengelenge atamaliza 30.

Utajuaje umbali bila simu ya gharama? Nenda kwenye kiwanja cha mpira. Ubavu wa kiwanja kikubwa ni takriban mita 100. Tembea mwendo wako wa kawaida, hesabu hatua. Watu wazima wengi hupata hatua 130 hadi 140, yaani kila hatua ni karibu sentimita 75. Kwa mwendo huo, Kipushi ni hatua 40,000 hivi. Ukishajua hesabu yako, hata simu ikizima katikati ya njia utajua uko wapi.

Kwenye mazoezi vaa vile vile utakavyovaa siku ya safari, na ubebe mfuko ule ule. Fanya angalau Jumamosi mbili ukiwa na mzigo kamili.

Viatu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo safari nyingi zinapokufa.

Mara yangu ya kwanza nilinunua raba mpya siku mbili kabla. Zilikuwa nzuri, nyepesi, zinang'aa. Nilikuwa sijamaliza kilomita 12 kisigino cha kushoto kikawaka. Nilikaa juu ya jiwe, nikavua, nikaona ngozi imeinuka, ina maji ndani. Mzee mmoja wa makala akasimamisha baiskeli yake, akaegemeza kwenye fimbo, akatazama.

"Mwana, hiyo kiatu ni mupya?"

"Ndiyo, papa."

"Kiatu mupya haiendake mbali. Kwanza iende sokoni, iende kanisani, ndiyo iende Kipushi."

Nilirudi na gari. Tangu hapo sijavaa kiatu safarini ambacho hakijatembea kilomita 80 hadi 100 za mazoezi. Ndiyo maana ukinunua, unanunua mwanzoni mwa wiki zile nane.

Nunua viatu jioni, maana mguu huvimba mchana, na safarini utavimba zaidi. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Viatu vya mitumba vinafaa sana ukivikagua: kunja soli, ikiwa inakatika au gundi inaachia, acha. Tia mkono ndani upapase kisigino; kama kuna tundu au mshono umeinuka, acha. Buti nzito za mgodini usizitumie kwa njia hii. Zinalinda vidole dhidi ya mawe, lakini lami ndefu itakuumiza nazo.

Soksi ziwe mbili, jozi moja miguuni na nyingine mfukoni. Kata kucha siku tatu kabla, moja kwa moja, usizichimbe pembeni. Asubuhi ya safari paka mafuta ya mgando kati ya vidole, kisigino, na mapajani sehemu zinazosuguana. Wanaume wengi huona aibu kusema habari ya mapaja. Paka tu, utashukuru saa saba mchana.

Ukisikia sehemu imeanza kuwaka, simama wakati huo huo, usingoje mahali pazuri pa kupumzika. Vua, pangusa vumbi, kausha, bandika sparadra (plasta) laini bila mikunjo, vaa soksi kavu. Ni kazi ya dakika 5. Lengelenge likishatokea na ni dogo, lifunike bila kulitoboa. Likiwa kubwa na linauma kila hatua, safisha kwa sabuni, choma sindano kwenye moto hadi iive, iache ipoe, toboa pembeni, kamua maji, na ngozi ya juu uiache ilivyo. Kisha funika. Anayechuna ngozi ile anafungulia uchafu mlango.

Maji

Beba lita 3. Ni kilo 3 mgongoni, lakini zinapungua kadiri unavyotembea. Kunywa mafundo machache kila robo saa, kabla kiu haijakushika. Mkojo wa rangi ya njano hafifu unaonyesha uko sawa. Ukiwa mzito kama chai, umechelewa. Usimimine maji matupu tumboni siku nzima bila chumvi yoyote, hilo nalo lina hatari yake. Karanga zenye chumvi zinatosha. Au changanya nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mchanganyiko huo huo ndio mama hutoa kwa mtoto anayeharisha.

Sasa sikiliza hili vizuri. Sisi wa Katanga tunaishi juu ya shaba, kobalti na zinki. Mto Kafubu unatoka upande wa Kipushi, unapokea maji ya mto Lubumbashi, kisha unaelekea Luapula. Pembeni mwake kuna viwanda, mabaki ya migodi na mashimo ya wachimbaji. Vidonge vya kusafishia maji vinaua vijidudu, ukisubiri dakika 30 kama pakiti inavyosema. Kuchemsha kunaua vijidudu. Lakini hakuna kati ya hivyo viwili kinachoondoa madini. Maji ya kijito chenye madini yanaweza kuwa meupe, baridi, matamu mdomoni, na bado yakawa mabaya. Kwa hiyo usichote kijitoni kwenye njia hii hata ukiwa na vidonge. Jaza nyumbani, kisha nunua maji ya chupa au omba kwenye nyumba ambako wenyeji wenyewe wanakunywa maji ya kisima kirefu cha pampu, na hayo utie kidonge. Wala usioge kwenye maji yaliyotulia: kichocho kipo nchini kwetu.

Mfuko na chakula

Mfuko mzima, pamoja na maji, usizidi kilo 6. Weka humo sweta, kofia pana, koti jepesi, soksi, sparadra, sindano, dawa ya maumivu uliyoizoea, kipande cha sabuni, karatasi ya choo, tochi, filimbi, na kitambaa cha kujifunga puani vumbi likizidi. Zaidi ya hapo ni uzito.

Chakula cha njiani kiwe kile tumbo lako linakijua. Mihogo ya kuchoma na karanga inashinda biskuti zote za dukani: inashibisha, haiharibiki, haipondeki. Ongeza ndizi, mayai mawili ya kuchemsha, mkate. Usiku wa kuamkia safari kula bukari (ugali) ya kutosha na samaki au maharagwe. Sombe (kisamvu) yenye mafuta mengi iache ya kurudi. Kikanda, chakula cha mizizi ya porini, ukikiona kinauzwa njiani, nunua kipande, kina karanga na kinashikilia tumbo. Munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, ni mtamu, lakini umetengenezwa kwa maji usiyoyajua na ukikaa unachachuka. Onja siku ya kupumzika.

Karatasi, pesa, simu

Beba kadi yako ya mpiga kura au pasipoti. Kipushi ni mji wa mpaka, utaulizwa. Pesa ziwe noti ndogo za faranga, maana mama wa mihogo hana chenji ya noti kubwa. Simu iwe imejaa moto (chaji) na ina yuniti za kupiga. Mwachie mtu mmoja nyumbani jina la njia, saa ya kuondoka na saa utakayompigia ukifika. Usipige picha ya mgodi, forodha, daraja wala askari.

Nendeni watatu hadi sita. Peke yako usiende. Na kabla ya siku yenyewe uliza habari za njia kwa watu waliopita wiki ile: madereva wa bisi, wauza makala, jamaa wa Kipushi. Wakikuambia kuna tatizo, ahirisha.

Siku yenyewe

Mwezi wa Juni jua linachomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi na kuzama karibu saa 12 jioni. Ondokeni mwanga wa kwanza unapotoka, karibu saa 12 na dakika 10. Giza la mjini si la kutembea na mfuko mgongoni.

Saa ya kwanza tembeeni polepole hadi muone mnapoteza muda. Huu ndio ushauri ninaoushikilia kuliko wote. Asubuhi ni baridi, miguu ni mibichi, kila mtu ana hadithi, na bila kujua mnakimbia. Deni la mbio hizo linalipwa mchana, kwenye kilomita ya 22. Mtazame mtu wa makala: hasukumi kwa nguvu hata mara moja. Anaenda mwendo mmoja tangu porini hadi sokoni. Kipimo ni hiki: mnaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Na anayetangulia awe yule anayekwenda polepole kuliko wote katika kundi. Vijana watanung'unika, lakini mtafika wote.

Magari yetu yanapita kulia, kwa hiyo tembeeni kushoto, mkiangalia gari linalokuja usoni. Malori ni mazito na upepo wake unayumbisha mtu. Penye njia ya vumbi kando ya lami, ifuateni: ni laini kwa magoti. Mwenye baiskeli ya makala mpisheni nyinyi. Akisimama ghafla na mzigo ule ataanguka, na hapo chakula cha watoto wake kimemwagika barabarani.

Tembeeni dakika 50, pumzikeni 10. Kila mapumziko ya pili vueni viatu. Kwa mpango huo mtafanya karibu km 4 kila saa. Kilomita za kwanza ni mji: kuta, maduka, watoto wa shule, nyumba zinazoendelea kujengwa. Bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, litabaki nyuma yenu muda mrefu. Kadiri linavyofifia ndivyo mnavyojua mnatoka. Kisha nafasi inafunguka. Mtaanza kuona vichuguu vikubwa vya nchi hii, virefu kuliko nyumba, vingine mita 5 na zaidi, miti imeota juu yake, na vingine vimekatwa ubavu na watu wanaofyatua matofali. Kivuli cha kichuguu chenye miti ni mahali pazuri pa kulia chakula cha mchana. Piga ardhi kwa fimbo kabla ya kukaa. Nyoka hupenda mahali hapo, na kifutu hasogei mtu akikaribia. Mtu akiumwa, msimkate, msinyonye, msifunge kamba. Mlazeni, kiungo kilichoumwa kisitikisike, mumsimamishie gari la kwanza kwenda hospitali.

Salimieni. "Jambo mama," "jambo papa," kwa sauti na kwa kusimama kidogo. Kwa wazee "mwapoleni" inafungua uso papo hapo. Mtu anayetembea na mfuko bila mzigo wa kuuza anashangaza, watauliza mnaenda kufanya nini. Jibuni kweli: tunatembea tu, tunataka kuiona nchi. Mkitaka kukaa kwenye uwanja wa mtu, ombeni. Mkitaka kupita kati ya mashamba au kulala kijijini, tafuteni kwanza mkubwa wa kijiji. Hata kama shamba limevunwa, lina mwenyewe. Moto msiwashe kabisa. Nyasi za Julai zinashika kwa cheche moja.

Baada ya chakula cha mchana badilisheni soksi, na msikae zaidi ya saa moja, miguu itaganda. Saa saba mchana fanyeni hesabu. Kama hamjavuka km 18, simamisheni bisi. Vivyo hivyo mtu akianza kuchechemea, akiacha kutoa jasho, akichanganya maneno au akitapika. Aliyeacha kutoa jasho, anayechanganya maneno au anayetapika mpelekeni kivulini, mloweshe nguo zake, mpepee, na safari imekwisha kwa kundi lote. Msimwache arudi peke yake na pikipiki.

Kuanzia km 20 hadi 25 mtu anaweza kulia bila sababu. Kundi linanyamaza. Nimeona wanaume wa miaka 50 wakikaa chini na kusema hawaendi tena. Mpe maji yenye sukari, ndizi, dakika 10, kisha hesabuni naye miti: hadi ule, halafu hadi ule. Nyimbo za kanisani zinasaidia, zina mwendo wa miguu ndani yake.

Mkienda hivyo mtaingia Kipushi kati ya saa nane na nusu na saa kumi alasiri. Mtaona mabaki ya mgodi yametandazwa kama uwanja usio na nyasi. Upepo ukivuma upande wenu, funikeni pua, wala msikatize katikati yake hata kama njia inaonekana fupi. Mgodi huu ulianza miaka ya 1920, ukasimama 1993, na umerudi kutoa zinki 2024. Wazee wa hapo wana mengi ya kusimulia kuhusu miaka ile ya ukimya, mkiwapa nafasi.

Baada ya kufika

Mpigie yule uliyemwachia habari. Usikae chini mara moja: tembea taratibu dakika 10, kisha osha miguu kwa sabuni, ikaushe, uikague vidole vyote. Vaa kandambili. Sasa ni wakati wa bukari na sombe. Bisi za Lubumbashi chukueni kabla ya giza, au laleni Kipushi kama mmepanga mahali mapema.

Usiku inua miguu juu ya mto. Siku inayofuata mapaja yatauma unaposhuka ngazi. Tembea km 2 polepole, maumivu yatalainika. Kucha iliyogeuka nyeusi iache, itatoka yenyewe. Lengelenge lililotobolewa lisafishe kila siku, na likitoa usaha au wekundu ukipanda mguuni, nenda kituo cha afya. Viatu vijaze karatasi za gazeti, vianike kivulini, kwa maana jua kali linakausha gundi. Mwendo mrefu mwingine usiufanye kabla ya siku 10.